Aliyerudi na Ambaye Alirudi: Ushahidi wa Kopasi katika Kutofautisha Miundo

Mzungumzaji wa Kiswahili anayetaka kumtambulisha mvuvi kwa tendo alilolifanya ana njia mbili zilizo wazi mbele yake, kwa kuwa anaweza kusema mvuvi aliyerudi, na anaweza vilevile kusema mvuvi ambaye alirudi, na katika hali zote mbili msikilizaji ataelewa kuwa anazungumziwa mvuvi yule yule na safari ile ile ya baharini. Katika njia ya kwanza kirejeshi, yaani kile kipashio kinachokirudisha kitenzi kwa nomino inayofafanuliwa, kimeingia ndani ya kitenzi na kukaa baada ya kiambishi cha njeo, nayo njeo ni alama ya wakati wa tendo. Katika njia ya pili kirejeshi kimebebwa na shina amba-, ambalo husimama peke yake, na kitenzi kinachofuata hubaki na umbo lake la kawaida. Vitabu vingi vya sarufi huiweka miundo hii upande kwa upande, vikaeleza namna kila mmoja unavyoundwa, kisha vikaendelea na somo jingine, kana kwamba lugha iliamua kuwa na milango miwili ya kuingilia chumba kimoja bila sababu yoyote. Sura hii inashikilia kuwa sababu zipo, kwamba ni nyingi kuliko inavyodhaniwa, na kwamba njia ya kuaminika ya kuzipata ni kuzikusanya sentensi nyingi zilizotumiwa na watu kwa shughuli zao wenyewe, kuzipanga, na kuzihoji kwa subira.

Mkusanyo wa namna hiyo ndio unaoitwa kopasi. Kopasi ni hazina ya matini halisi, ziwe maandishi au mazungumzo yaliyonakiliwa, iliyohifadhiwa katika kompyuta kwa mpangilio unaomwezesha mtafiti kuliita neno au umbo lolote na kuletewa mistari yote linamotokea, neno lenyewe likiwa katikati ya ukurasa na majirani zake wakionekana kushoto na kulia. Kazi ya awali iliyowavuta wengi katika njia hii ilifanywa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Brown, ambako Nelson Francis na Henry Kučera walikusanya vipande 500 vya maandishi ya Kiingereza yaliyochapishwa mwaka 1961, jumla ya maneno yapatayo milioni 1. Baadaye, kuanzia mwaka 1980, John Sinclair na wenzake katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walijenga mkusanyo mkubwa zaidi uliozaa kamusi iliyotoka mwaka 1987, na mkazo wao ulikuwa kwamba maana ya neno haiwezi kutenganishwa na miundo ambamo neno hilo huzoea kukaa.

Kiswahili hakikuachwa nyuma sana. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alianza katika miaka ya 1980 kutengeneza programu ya kuchanganua maumbo ya maneno ya Kiswahili, akitumia mbinu iliyobuniwa na Mfini mwenzake, Kimmo Koskenniemi, mwaka 1983, na juu ya msingi huo ilijengwa Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo katika toleo lake la kwanza ilikuwa na maneno yapatayo milioni 12.5 na katika toleo la pili ikafikia takriban milioni 25. Ndani yake mna habari za magazeti, vitabu vya hadithi na vya mafunzo, na majadiliano ya Bunge la Tanzania, na kila neno limewekewa lebo inayoonyesha aina yake na viambishi vyake.

Lebo hizo si pambo. Mtafiti wa Kiingereza anaweza kuanza kazi kwa kuita neno moja fupi na akapata sehemu kubwa ya anachokitaka, lakini kirejeshi cha Kiswahili kilichoshikamana na kitenzi kimezikwa katikati ya neno, na kompyuta isiyofundishwa sarufi haiwezi kukitambua. Umbo waliopoa ni mfano mzuri, nao ni mfano wa pwani: linaweza kugawanywa kuwa wa-li-opoa, yaani watu walikitoa kitu majini, na linaweza kugawanywa kuwa wa-li-o-poa, yaani wale waliopona au kutulia, na herufi zote ni zile zile. Umbo waliona ni tendo la kuona lisilo na kirejeshi, lakini umbo walioona, lenye o mbili, lina kirejeshi. Hali kadhalika walioa ni taarifa kwamba watu fulani walifunga ndoa, na waliooa ni watu wenyewe wanaotajwa kwa ndoa zao. Mwandishi mwenye haraka akiidondosha o moja, ushahidi unahama kutoka safu moja hadi nyingine bila mtu kujua, na kwa sababu hiyo hesabu yoyote ya virejeshi vya ndani isiyotanguliwa na usomaji wa mistari yenyewe haistahili kuaminiwa, hata kama imetolewa na programu bora.

Upande wa amba- huonekana kuwa mwepesi zaidi, kwa kuwa ni neno linalosimama peke yake, lakini nao una mitego yake. Anayeagiza maneno yote yanayoanza na herufi hizo ataletewa pia ambatana, ambukiza na ambaa, ambayo hayahusiki, na ataletewa ambia, ambalo lina udugu na shina hilo kihistoria, kwa kuwa amba lilikuwa kitenzi chenye maana ya kusema, na bado limo ndani ya kwamba linalotumika kila siku. Mtego mkubwa kuliko yote ni neno ambapo. Kwa asili yake ni kirejeshi cha mahali au wakati, lakini katika uandishi wa habari limechukua kazi nyingine kabisa, ya kuunganisha taarifa mbili zinazofuatana, kama katika sentensi isemayo kuwa ajali ilitokea jana jioni ambapo watu watatu walijeruhiwa. Hapo hakuna mahali panaporejelewa, wala wakati haufafanuliwi, bali mwandishi ameunganisha habari na habari. Mtafiti anayezihesabu ambapo zote kuwa virejeshi ataamini kuwa magazeti yanapenda urejeshi kuliko yanavyoupenda kweli, ilhali linalopendwa ni kiunganishi kipya kilichovaa nguo za zamani.

Baada ya kusafisha hesabu, kosa jingine linasubiri, nalo ni la kifikra. Kulinganisha jumla ya amba- na jumla ya virejeshi vya ndani hakusemi lolote kuhusu chaguo la mzungumzaji, kwa sababu katika mazingira mengi hakuna chaguo. Kirejeshi cha ndani hukubaliana na njeo chache tu, ambazo ni -na-, -li- na ile ya wakati ujao inayojitokeza kwa umbo la -taka-, pamoja na umbo lisilo na njeo kama aendaye, na umbo la ukanushi kama asiyekwenda. Hakikai na -me-, hakikai na -ka-, wala na -nge-, wala na hu- ya mazoea. Anayetaka kuwazungumzia wanawake ambao hununua dagaa alfajiri ufukweni hawezi kukiingiza kirejeshi ndani ya hununua, na hivyo amba- yake si upendeleo wa mtindo bali ni lazima ya sarufi. Hesabu yenye maana basi ni ile inayofanywa pale penye hiari tu, yaani katika sentensi ambamo miundo yote miwili ingekubalika, na kulitenga eneo hilo la hiari ndiyo kazi ngumu na yenye thamani kubwa kuliko zote katika uchunguzi wa aina hii.

Hata lazima hiyo, ikichunguzwa kwa makini, hufungua jambo la kuvutia. Kwa kuwa kirejeshi cha ndani hakiwezi kukaa na -me-, njeo ya -li- hulazimika kubeba mzigo wa mbili: mtoto aliyelala anaweza kuwa mtoto aliyelala jana akaamka, na anaweza kuwa mtoto aliye usingizini sasa hivi, na maana hii ya pili ndiyo inayomjia msikilizaji kwanza. Lakini mtoto ambaye amelala na mtoto ambaye alilala ni watoto wawili tofauti. Jambo hilo hilo hutokea katika ukanushi, na huko pengo ni pana zaidi, kwa sababu mtu asiyefika hana wakati wowote. Huenda hakufika, huenda hafiki, huenda hajafika bado, na msikilizaji huachwa autafute wakati katika maneno mengine ya sentensi. Amba- hurudisha nyakati zote mahali pake: ambaye hakufika, ambaye hafiki, ambaye hajafika, ambaye hatafika. Anayeandika hukumu, sheria au taarifa ya kitabibu anahitaji tofauti hizo, na si ajabu akiegemea amba- pale ambapo msimulizi wa hadithi, mwenye wakati wake ulioelezwa tangu sentensi ya kwanza, hana haja nayo.

Tofauti ya pili iko katika mpangilio wa maneno. Kirejeshi cha ndani hutaka kitenzi kikae karibu na nomino inayofafanuliwa, na kwa hiyo mtenda, asipokuwa nomino hiyo yenyewe, husukumwa nyuma ya kitenzi: husemwa kitabu alichokisoma mtoto, na mtoto huja mwisho. Hapo hakuna utata, kwa sababu cho na ki humwelekeza msikilizaji kwenye kitabu na a humwelekeza kwa mtoto. Utata huingia pale ambapo nomino zote mbili ni za ngeli moja na idadi moja. Anayesema mchuuzi aliyemwita mvuvi ametoa sentensi ambayo sarufi yenyewe haiwezi kuiamua, kwa kuwa mchuuzi huenda ndiye aliyeita na huenda ndiye aliyeitwa. Kiambishi a kinaweza kuwa cha huyu au cha yule, na mw vilevile. Amba- huuondoa utata huo mara moja, kwa sababu humruhusu mtenda akae mbele ya kitenzi chake kama kawaida: mchuuzi ambaye alimwita mvuvi, au mchuuzi ambaye mvuvi alimwita. Msomaji wa mistari ya kopasi ana nafasi ya kuuliza swali ambalo sikio peke yake haliwezi kulijibu, yaani je, wazungumzaji huielekea amba- zaidi pale panapokuwa na hatari hii, au huiachia hali halisi iamue? Katika samaki aliyemvua Juma hakuna anayefikiria kuwa samaki alishika mshipi na Juma akawa chini ya maji, na kwa hiyo sarufi haina haja ya kulinda mlango ambao akili ya kawaida imeshaufunga. Ni katika jozi za watu kwa watu, mama na mtoto, mwalimu na mwanafunzi, mdai na mdaiwa, ambamo uchunguzi unapaswa kukaza macho.

Sehemu yenye utajiri kuliko zote, hata hivyo, ni ile ya umiliki. Katika sarufi nyingi imekuwa desturi kufundisha kwamba penye mwenye kitu, amba- haina mbadala, na mfano unaotolewa ni wa aina ya mvuvi ambaye ngalawa yake ilipasuka. Ni kweli kuwa kirejeshi cha ndani hakiwezi kuuchukua muundo huo ulivyo, kwa kuwa kitenzi kinaafikiana na ngalawa na mvuvi hana pa kujishikiza. Lakini Kiswahili kina njia ya kumwinua mvuvi huyo na kumweka kwenye kiti cha mtajwa mkuu wa kitenzi, nayo ni kauli ya kutendewa, inayounda vitenzi kama fiwa, ibiwa na pasukiwa. Mtu ambaye baba yake alifariki huitwa aliyefiwa na baba. Mtu ambaye nyavu zake ziliibwa huitwa aliyeibiwa nyavu. Mtu ambaye ngalawa yake ilipasuka huitwa aliyepasukiwa na ngalawa. Mtu ambaye nyumba yake iliungua huitwa aliyeunguliwa na nyumba. Katika kila jozi umbo la pili ni fupi, na zaidi ya ufupi lina jambo ambalo la kwanza halina: linamtazama mtu kuwa ndiye aliyepatwa, si mwenye mali iliyopatwa. Mwenye nyavu katika muundo wa amba- ni anwani ya nyavu, na katika muundo wa kutendewa ni mtu mwenye hasara.

Swali la kopasi linalozaliwa hapa ni zuri kupita kiasi, kwa sababu halimo katika kitabu cha sarufi kinachojua miundo miwili tu. Mtafiti hapaswi kulinganisha amba- na kirejeshi cha ndani katika kitenzi kile kile, bali anapaswa kulinganisha amba- yenye kimilikishi baada yake na kirejeshi cha ndani chenye kitenzi cha kutendewa, jambo linalotaka maagizo mawili tofauti kabisa kwa kompyuta na usomaji wa mkono wa kila mstari unaoletwa. Kazi ya namna hiyo ikifanywa katika matini zilizoandikwa moja kwa moja kwa Kiswahili na katika matini zilizofasiriwa kutoka lugha nyingine, itapatikana njia ya haki ya kuipima ile shutuma inayosikika mara nyingi miongoni mwa walimu na wahariri, kwamba amba- inaenea kwa sababu ya tafsiri. Shutuma hiyo ina chembe ya ukweli, kwa kuwa mfasiri anayefuata mpangilio wa sentensi ya kigeni neno kwa neno huiona amba- imekaa mahali pale pale palipo na kirejeshi cha lugha ile, na huichukua bila kufikiri. Lakini haiwezi kuwa ukweli wote, kwa sababu, kama ilivyokwisha kuonekana, amba- hulinda njeo, hulinda utambulisho wa mtenda, na huwezesha maelezo marefu yenye vitenzi vitatu au vinne kuning'inia juu ya nomino moja bila kukatika. Kuwafundisha wanafunzi kwamba amba- ni kasoro ni kuwanyang'anya chombo. Kuwaacha waitumie kila mahali ni kuwafanya wasahau kuwa aliyefiwa ni neno lililokwisha kukamilika.

Kuna uwanja mmoja ambamo hiari karibu haipo, ingawa sarufi inairuhusu, nao ni methali. Aliye juu mngoje chini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Umbo lisilo na njeo na lisilo na nomino mbele yake hufaa kwa kauli ya watu wote na nyakati zote, na anayejaribu kuweka mtu ambaye yuko juu mahali pa aliye juu atapata taarifa kuhusu mtu fulani aliyepanda mahali fulani. Kwa hiyo kopasi yenye methali nyingi au tenzi nyingi itaonyesha kirejeshi cha ndani kikitawala, na kopasi ya majadiliano ya Bunge itaonyesha sura nyingine, na hakuna moja kati ya hizo inayosema uongo.

Jozi nyingine zinaweza kuhojiwa kwa utaratibu huo huo, na baadhi yake zina deni kubwa kwa uchunguzi. Sarufi za shuleni hufundisha kuwa -nge- ni ya jambo ambalo bado lingewezekana na -ngali- ni ya jambo lililokwisha kupita bila kutokea, lakini katika usemi na maandishi ya leo -nge- husikika katika nafasi zote mbili, na -ngeli- nayo ina watu wake. Wenye nyavu, walio na nyavu na ambao wana nyavu ni njia tatu za kusema jambo moja, na ya kwanza, ambayo haina kitenzi kabisa, ndiyo inayosahauliwa upesi na wanaoandika rasmi.

Mbinu hii inafaa vilevile kwa Kiingereza kinachotumiwa Afrika Mashariki, ambacho kina kopasi yake kama sehemu ya mradi wa kimataifa wa kulinganisha Kiingereza cha nchi mbalimbali, iliyokusanywa katika miaka ya 1990 kutoka Kenya na Tanzania chini ya uongozi wa Josef Schmied, mtaalamu Mjerumani. Katika Kiingereza hicho imeonekana tabia ya kuvitumia vitenzi vya hali, kama vile kujua na kumiliki, katika umbo la tendo linaloendelea, umbo ambalo Kiingereza cha Uingereza huviwekea vitenzi vya matendo. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kulishangaa hilo, kwa kuwa -na- yake husema ninajua na ninakimbia kwa sauti moja, na ni mwalimu anayeifahamu -na- hiyo ndiye anayeweza kumweleza mwanafunzi wa Bagamoyo au Msata tofauti iko wapi badala ya kumwekea alama nyekundu tu.

Limebaki swali zito kuliko yote ya kiufundi, nalo ni la watu ambao lugha yao imo ndani ya kopasi na wale ambao haimo. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kwa uamuzi uliofikiwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 na kusimamiwa na kamati ya nchi za Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, na magazeti na vitabu vinavyojaza kopasi kubwa za leo vimeandikwa kwa usanifu huo. Kimrima, lahaja ya pwani inayotazamana na Unguja, hakikuchaguliwa kuwa msingi, na kwa sababu hiyo sauti yake katika mikusanyo hiyo ni hafifu, ingawa waliochunguza lugha hapo kale hawakuipuuza. Charles Sacleux, padri wa Shirika la Roho Mtakatifu, lililofungua misheni yake Bagamoyo mwaka 1868, alifanya kazi katika Unguja na Bagamoyo na akatunga kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyochapishwa Paris kati ya mwaka 1939 na 1941, ambamo maneno mengi yametiwa alama ya lahaja yanakotoka. Wilfred Whiteley naye alichapisha mwaka 1956 maelezo ya lahaja ya Kimtang'ata, inayozungumzwa kusini mwa Tanga.

Bagamoyo ina pia kitu ambacho miji michache ya pwani inacho, nacho ni nathari ndefu ya mapema iliyoandikwa na mwenyeji wake. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika taasisi ya lugha za mashariki, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mjini Göttingen mwaka 1903. Kitabu hicho kimesomwa sana kwa ajili ya mila zilizomo, yaani ndoa, ngoma, biashara ya misafara na maziko, na ni haki kisomwe hivyo. Lakini kwa anayetafuta mipaka ya aliyerudi na ambaye alirudi kina thamani ya aina nyingine, kwa sababu kiliandikwa kabla ya kamati yoyote ya usanifishaji, na mtu aliyejifunza kuandika mahali ambapo kanuni za magazeti zilikuwa bado hazijazaliwa. Virejeshi vyake vikitolewa kimoja kimoja na kuwekwa kando ya virejeshi vya Bunge la karne ya 21, kitapatikana kipimo cha mwendo wa lugha katika miaka mia moja ambacho hakuna kumbukumbu ya mzee yeyote inayoweza kukitoa.

Ulinganishi huo unadai tahadhari moja ya hesabu. Kitabu kimoja hakiwezi kuwekwa mbele ya kopasi ya mamilioni kwa idadi tupu. Idadi lazima igeuzwe kuwa kiwango kwa kila maneno milioni. Ikichukuliwa, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba umbo fulani limetokea mara 300 katika kopasi ya maneno milioni 25, kiwango chake ni 12 kwa milioni, na umbo lililotokea mara 6 tu katika matini ya maneno 100,000 lina kiwango cha 60, yaani mara 5 ya lile lililoonekana kubwa. Halafu mara 6 ni chache mno kusimamishia hoja, na mtafiti mwaminifu ataisoma mistari yote sita, atatazama ni nani anayesema, kwa nani, na kuhusu nini, kabla ya kuandika chochote.

Na matini ya kale peke yake, hata iwe nzuri namna gani, ni sauti ya mtu mmoja mwenye elimu. Usemi wa leo wa pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbweni na Kunduchi hadi Mlingotini, Kaole, Bagamoyo mjini na Saadani, ambako Kiswahili kinazungumzwa bega kwa bega na Kizaramo, Kikwere, Kidoe na Kizigua, bado unasubiri kunakiliwa kwa wingi wa kutosha. Mahali pa kuanzia panajulikana na kila mwenyeji: ni mnada wa samaki ufukweni, ambako mtu hutambulishwa kwa tendo lake dakika kwa dakika, aliyeleta changu, aliyepandisha bei, ambaye hajalipa, wenye ndoo, na ambako mnadi hana muda wa kuchagua muundo kwa ajili ya sifa. Kinasa sauti kikiwekwa hapo kwa ridhaa ya watu, siku za bamvua na siku za maji mafu, na mazungumzo yakanakiliwa pamoja na kila o iliyotamkwa mara mbili, swali la mchuuzi aliyemwita mvuvi litapata jibu lake kutoka kwa wachuuzi na wavuvi wenyewe.